Historia ya Marehemu Rubani Chiriku, Aliyezimikiwa na Skrini Mbili kwa Mpigo

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti kaeni, mliokosa egemeeni ukuta, na ninyi wa kampuni mliojibanza karibu na geti kama watu wenye haraka, sogeeni mbele, maana haya yanawahusu. Historia hii imeandikwa na shangazi wa marehemu na inasomwa na kaka wa marehemu, ambaye ameonywa asipunguze neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, katika chumba cha uani cha nyumba iliyo nyuma ya gereji ya mabasi, akiwa kitinda mimba wa fundi umeme wa magari, na mama yake alipofariki yeye akiwa hajaota hata jino, alichukuliwa na shangazi yake, mshona sare za shule, akakulia chini ya meza ya cherehani. Jina la Chiriku alipewa hapo na wateja, kwa sababu alianza kusema mapema na hakujua kunyamaza, na wengi walitabiri kwamba mdomo ule utamponza. Haukumponza mdomo, walimponza wenye masikio ya kupambia kichwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, ambako alichapwa kwa maswali kuliko wenzake walivyochapwa kwa utoro, kisha sekondari ya bweni hadi 2005, na Januari 2007 akajiunga na chuo cha urubani, wakati baadhi ya ndugu, ambao leo wanalia kwa sauti kuliko wafiwa wenyewe, walikuwa wakisema mwanamke na ndege wapi na wapi. Alihitimu Novemba 2009. Huko alifundishwa kwenye ndege za zamani zenye saa za mishale za kuonyesha mwendo, kimo na mlalo wa ndege, moja ikiendeshwa na pampu ya hewa, nyingine kwa umeme, nyingine ikipumua kwa tundu la nje, hivyo moja ikidanganya, wenzake wanaisuta.

Tarehe 1 Juni 2010 aliajiriwa na kampuni yenye ndege tatu ndogo, na tarehe 18 Agosti 2012 akafunga ndoa na dereva wa lori, mtu mpole aliyezoea kutaniwa na mkewe kwamba nyumba yao ina chiriku na kobe, nao wakajaliwa binti mwaka 2013 na mvulana mwaka 2017, wote wamekaa hapo mbele, na watasikia ukweli hapa kabla ya kusikia uongo shuleni.

Mwaka 2021 kampuni iling'oa saa za mishale katika ndege zote tatu na kuweka skrini mbili mbili, zenye ramani, milima na mvua kwa rangi. Tusimsingizie marehemu kwamba alichukia vitu vipya, alizipenda kama mtu anavyopenda jiko jipya. Alichokikataa ni kwamba skrini zote mbili zilikula umeme kwenye waya mmoja, na kile chombo kidogo cha akiba chenye betri yake, kinachomwonyesha rubani kama ndege imelala ubavu au imenyooka pindi skrini zikifa, kilinunuliwa kimoja tu kwa ndege tatu. Mkaguzi akija kuangalia ndege hii, kinafungwa humu kwa bisibisi, akiondoka kinahamia ile, kama kanzu ya kuazima, na tundu linalobaki wanaliziba kwa kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi ili abiria asiulize.

Chiriku aliuliza. Mbele ya mafundi wote tajiri mwenye kampuni alimcheka, akamwambia, “Wewe mama, skrini ziko mbili, moja ni akiba ya mwenzake, kwani una macho mangapi?” Naye akamjibu, “Mawili, bosi, lakini shingo ni moja, ukiikata yote yanafumba.” Mafundi walicheka, tajiri akamsimamisha kazi wiki mbili kwa utovu wa adabu, na chombo hakikununuliwa.

Katika historia za namna hii hufika mahali pa kusema marehemu alianza kuugua lini. Marehemu hakuugua. Iliyougua ni ndege. Tangu Februari mwaka huu skrini zilikuwa zikikonyeza na kurudi, akaripoti, akaambiwa zinazimika na kuwaka kama simu yoyote. Tangu arudi kutoka kule kusimamishwa alikuwa na sharti lake mwenyewe, kwamba bila chombo cha akiba haingii mawinguni. Tarehe 9 Mei alipeleka abiria wanne kiwanja cha mbali, mawingu yakashuka, akataka walale huko, ofisi ikampigia simu kwamba abiria warudi leo, la sivyo arudi yeye kwa miguu na kazi asiikute. Akaruka. Hilo ni kosa lake, tunalitaja wenyewe ili asije mwingine akajifanya amelivumbua.

Mawinguni, skrini mbili zilizimika kwa mpigo, na mahali pa chombo cha akiba palikuwa na bati. Mama muuza vitambaa, aliyekaa nyuma yake na leo yuko nasi akiwa na mkono kwenye bandeji, ameeleza kwamba Chiriku alisema, “Jamani, kimya, nasikiliza injini,” akakamata dira ndogo ya maji iliyoning'inia juu ya kioo, ambayo haili umeme na ambayo tajiri hakuing'oa kwa kuwa haikumkera, akaichunga isizunguke, maana ndege isiyopinda haijalala ubavu, akashuka polepole amenyooka hadi wakaiona ardhi, akailaza ndege katika shamba la mtama, upande aliokaa yeye ukagonga tuta, moshi ukafuka. Abiria wote wako hai. Yeye alifariki hospitalini tarehe 12 Mei asubuhi, mume wake akiwa amemshika mguu, mahali pekee pasipokuwa na jeraha.

Siku iliyofuata kampuni ilitangaza kwamba rubani alichanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa hawarudishi watu wanne kwa watoto wao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliofungua milango na vyoo vyao kwa wageni wetu, na wenye shamba waliokimbilia moshi badala ya kuukimbia. Tunamshukuru fundi aliyekihamisha chombo kile kwa mkono wake, akaja kwa miguu yake kusema alikihamisha kwa amri ya nani, na leo hana kazi. Tunawashukuru marubani wenzake wawili, ambao tangu jana wamekataa kupanda ndege yoyote mpaka kila moja iwe na chombo chake. Msilegee.

Tajiri, shada ulilolileta limeandikwa kwamba marehemu alishindwa na hali ya hewa. Tumelirudisha kwenye gari lako, dereva wako amelipokea. Ukiliandika upya, kwa maneno uliyoyasikia hapa, lirudishe, makaburini pako wazi mchana na hatuna mlinzi.

Chiriku mwanetu, pumzika kwa amani. Sisi bado hatujapumzika.