Neno la Mama Dominika Kabla ya Mbio

Tuf. Hiyo ndiyo sauti iliyonikaa kichwani katika miaka yangu mitano na nusu hapa Duara, kuliko hata ngurumo za pikipiki. Ni kisigino cha Mama Dominika kikigonga udongo wa kona ya tatu, mara moja tu, kisha mwenyewe anainamisha shingo kusikiliza. Udongo mkavu hulia kama debe tupu. Ulioloa kupita kiasi hupiga kofi. Ulio sawa hauna maneno mengi: tuf, na kimya.

Dominika Temba anastaafu tarehe 31 Machi 2025, baada ya miaka thelathini na miezi saba ya kazi katika Duara, uwanja wetu wa mbio za pikipiki hapa Kahe. Kwa miaka ishirini na mitano ya mwanzo alikuwa mtunza njia, yaani ndiye aliyeimwagilia, kuisawazisha na kuikagua njia yetu ya udongo kabla ya kila mbio. Mitano ya mwisho amekaa getini akikata tiketi, kwa sababu faili la klabu linasema kijana mmoja, mshindani, alikufa kwa kosa la mama huyu. Faili linasema uongo. Kamati iliniomba ukurasa wa kumuaga wenye furaha. Furaha ipo, nami nitaiandika mahali pake, lakini siwezi kumuaga mtu kwa tabasamu huku jina lake limelala pale lilipotupwa.

Mama Dominika ni mzaliwa wa Kibosho. Baba yake alikuwa dereva wa trekta katika shamba la kahawa, akamfundisha bintiye kuendesha akiwa na miaka kumi na mitano. Yeye husema baba hakufanya hivyo kwa kupenda maendeleo ya wanawake. Alikuwa tu mvivu wa kuamka. Agosti 1994 alishuka Kahe na ndoo ya mtori, ile supu nzito ya ndizi, kuwauzia mafundi waliokuwa wakigeuza uwanja wa kuanikia katani, uliotelekezwa miaka mingi, kuwa njia ya mbio. Siku ya tatu dereva wa trekta hakuonekana. Mama Dominika akaweka ndoo chini, akapanda.

Fundi mmoja akampigia kelele, "We mama, hilo si jiko!"

Akamjibu bila kugeuka, "Na wewe si fundi, mbona tunakuvumilia?"

Jioni ile kona mbili zilikuwa zimesawazishwa, na yeye alikuwa na kazi.

Njia ya udongo haiendi bila maji, na maji ya Kahe yana zamu. Duara ilipewa zamu ya mfereji kila Jumamosi alfajiri. Mzee wa maji wakati huo, Meku Godlove, alipomwona amesimama na jembe kwenye mlango wa mfereji alimwambia kwamba mfereji haufunguliwi na mwanamke, haijawahi kutokea. Mama Dominika alimwamkia kwa heshima zote, kisha akasema, "Sawa, Meku. Basi utakuja wewe kunifungulia, saa kumi na moja, kila Jumamosi." Meku alikuja Jumamosi mbili. Ya tatu ilikuwa na mvua na baridi. Alituma salamu kwamba, kwa kufikiri vizuri, mila haikusema lolote kuhusu wanawake wenye trekta.

Mbio za kwanza zilifanyika Pasaka ya 1995. Njia ilikuwa na urefu wa mita mia saba na kona nne; pikipiki zilikuwa tisa, nyingi zikiwa zile kuukuu za mabwana shamba, zimevuliwa taa na vioo. Zikafuata Mbio za Nane Nane, halafu zile zilizotupa jina, Mbio za Desemba. Tarehe 27, Wachagga wote wameshapanda kutoka Dar kuja kula sikukuu nyumbani, wameshakula, wameshagombana na ndugu zao, sasa wanatafuta pa kwenda. Walikuja hapa. Kona ya tatu ilijaa watu wa Kwa Sadala waliokuwa na desturi ya kumzomea kila mtu, hata wa kwao. Washindani walitoka Arusha, Himo, hata Taveta ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2008, mvua ya mlimani ilipopasua mfereji siku moja kabla ya mbio, Mama Dominika alichimba mtaro kwa trekta mchana kutwa bila kushuka. Mbio zikafanyika. Mshindi alipopewa kikombe alikwenda moja kwa moja kukiweka juu ya boneti la trekta.

Yeye pia ndiye aliyetupa lugha yetu. Washindani walikuwa wakimuuliza kabla ya kila mbio hali ya njia ikoje, naye akachoka na maelezo marefu. Akaipima kwa vyakula. Ikiwa imeloa na kuteleza, alisema "mtori". Ikiwa kavu na vumbi linasimama, alisema "unga". Ikiwa imeshikana, nzito, inayolishika tairi vizuri, ilikuwa "kiburu", kama kile chakula chetu cha ndizi na maharage kilichopondwa kikashikana. Ikawa sheria isiyoandikwa: mshika bendera hainui bendera mpaka Mama Dominika apige kisigino chake kona ya tatu, aseme neno, na mtangazaji alirudie kwenye kipaza sauti. Bila kiburu hakuna mbio. Kwa robo karne hakuna aliyevunja sheria hiyo, na kwa robo karne hatukuzika mtu.

Mshindani mmoja, Fredy, alimpenda sana. Alikuwa fundi wa kuchomelea kutoka Shirimatunda, wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi kama swala na mwenye mdomo. Alikuwa akisimamisha pikipiki kando ya boza la maji na kusema, "Shikamoo mama mkwe. Wewe ukisema kiburu, mimi kona ya tatu napita nimefumba macho." Naye alikuwa akimjibu, "Marahaba. Binti yangu haolewi na kipofu."

Sasa tarehe 27 Desemba 2019.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi. Alifika saa saba na nusu. Maji yaliyomwagwa alfajiri yalikuwa yameshanyonywa na jua la Kahe, na kila aliyekuwepo aliona. Mama Dominika alipiga kisigino, akaja hadi kwenye jukwaa la mtangazaji, akasema mbele yangu na mbele ya Mwenyekiti wetu, Mathew Kimaro: "Ni unga. Nipeni dakika ishirini na boza moja, kona ya tatu tu." Mwenyekiti alimwambia, "Mama, mgeni hana dakika ishirini." Alimjibu, "Basi mgeni aondoke, atarudi mwakani." Akageuka, akaenda kuwasha trekta.

Mtangazaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, na shahada mpya, na nilipenda sana kuonekana mtu anayeelewa mambo haraka. Mwenyekiti aliinama sikioni mwangu akasema, "Sema kiburu, binti. Wewe sema tu." Nikasema. Nilisema kwa sauti nzuri, hata nikaongeza mbwembwe: "Mama Dominika amesema kiburu!" Uwanja mzima ukapiga makofi.

Yeye alikuwa upande wa pili, trekta likiunguruma, akasikia jina lake likitoka kwenye vipaza sauti vinne. Alishuka, akavua kitambaa cha kichwani, akakimbia kuelekea mstari wa kuanzia akikipunga. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na magoti mabovu. Bendera iliinuliwa angali katikati ya uwanja. Mzunguko wa pili, pikipiki ya mbele iliteleza kona ya tatu na kuanguka ndani ya vumbi. Fredy alikuwa wa nne. Hakupunguza mwendo, kwa sababu aliambiwa ni kiburu. Hakufika hospitali.

Siku tatu baada ya mazishi kamati ilikaa. Mama Dominika aliulizwa alisema neno gani. Akajibu, "Nilisema unga, na wote wawili mlionisikia mmekaa hapo." Mwenyekiti akageuza kiti. "Priska, wewe ulisikia nini?"

Nilisema nilisikia kiburu.

Mama Dominika aliniangalia, akasema, "Haya, mwanangu." Taarifa niliiandika mimi, kwa lugha fasaha, ukurasa mmoja: mtunza njia alithibitisha hali ya uwanja kimakosa. Yeye akahamishiwa getini. Trekta likauzwa, ikanunuliwa mipira ya kumwagilia ambayo haina kisigino. Mwaka uliofuata klabu ilichapisha fulana za njano zenye neno KIBURU! kifuani, kwa herufi kubwa, na aliyepangiwa kuzigawa getini alikuwa yeye. Alizikunja moja moja, akawapa wateja, akawaambia karibuni. Sijawahi kumwona amevaa hata moja.

Kuna lililonishinda zaidi ya hilo. Siku ya mazishi, Mama Dominika alishuka Shirimatunda na mkungu wa ndizi kichwani, kama anavyofanya jirani yeyote mwenye adabu. Mjomba wa marehemu alimzuia njiani: "Mama, rudi. Hapa leo hapana." Hakurudi. Aliweka mkungu chini, akakaa kwenye majani nje ya uzio, na kuimba nyimbo zote za kuaga kutoka pale, peke yake, sauti yake ikichelewa kidogo nyuma ya za ndani. Mimi nilikuwa ndani. Nilipewa kiti.

Tangu siku ile Mama Victoria, mama yake Fredy, hakuwahi kuitikia salamu yake sokoni. Miaka mitano. Mama Dominika aliendelea kumsalimia kila Jumamosi. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa. Alikuwa akihesabu vipande vya tiketi, hakuinua macho. "Salamu si yake peke yake," alisema. "Na mimi ninaihitaji." Kisha akanitania kuhusu viatu vyangu, kwamba mtu mwenye shahada anavaaje viatu vya kusindikizia harusi kwenye vumbi la Kahe. Hakunigusia ile kamati siku hiyo wala siku nyingine. Angenitukana ningepumua.

Wapo watakaosema sherehe ya kuaga si mahali pa mambo haya, na kwamba kamati imeandaa blanketi na saa ya ukutani na pilau. Ni kweli, vyote vipo, na pilau ni nzuri. Lakini mtu aliyetunza uhai wa watu kwa kisigino chake kwa robo karne hawezi kulipwa kwa saa ya ukutani inayomhesabia uongo wetu kila dakika. Mwenyekiti anasoma ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, sawa na ninyi. Mswada alioupitisha ulikuwa na aya nne na haukuwa na Fredy. Huu nimeuchapisha mwenyewe.

Mama Dominika, aika mae. Asante kwa mifereji uliyoifungua na kona ulizozisawazisha, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kuipenda kazi bila kuibembeleza. Tunakuombea mgomba wako wa Kibosho uzae hadi uegemezwe, ng'ombe wako asikauke maziwa, na magoti yako yakusamehe kwa ile miaka ya kukaa juu ya trekta lisilo na springi. Upate majirani wagomvi kidogo, usije ukachoka na amani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Shirimatunda. Mama Victoria alinikaribisha kiti, nikabaki nimesimama, nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye khanga. Akauliza, "Nani alikuambia useme?" Nikamtaja. Akauliza tena, "Na mdomo ulikuwa wa nani?" Nikasema ulikuwa wangu. Alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango, na mimi nikaondoka.

Jumatatu asubuhi nilipeleka maelezo yangu polisi, na nakala kwa ofisa michezo wa mkoa, nikayatia sahihi kila ukurasa. Mchana nilirudi ofisini, nikaifungua ile taarifa ya 2019 na kuibandikia maelezo hayo juu yake. Pale panapoulizwa kosa lilikuwa la nani, sasa yapo majina mawili: Mathew Kimaro na Priska Mlay.