Makofi ya Jumapili

Treni ya Embakasi ilikuwa inakaribia Makadara, na Lorraine alikuwa anajifanya anasoma simu. Mbele yake, mama mmoja aliyejifunga leso ya kikundi cha maombi alikuwa akimwambia mzee asiyemjua jambo ambalo mtu hamwambii hata dada yake.

“Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nikasema Mungu ameniinulia Sylvance wangu, ametolewa oksijeni, anakunywa uji. Watu wakapiga makofi, nami nikacheza mpaka kiatu kikanitoka. Simu nilikuwa nimeizima, si ndiyo heshima ya kanisa? Kumbe nesi ananitafuta. Mwanangu alikuwa anakata roho, baba, na mimi nacheza.”

Mzee alivua kofia. Lorraine alisahau hata kujifanya anasoma.

“Pole sana, mama yangu.”

“Sasa pasta anataka nisiutengue ule ushuhuda, eti waumini wachanga watayumba. Wako kwenye ibada ya mchana hivi sasa, nami ndiko ninakoenda.”

“Usiende na hasira, mama. Hata Ayubu, baada ya kufiwa na wanawe, alikaa chini siku saba bila kusema neno.”

Treni ilisimama. Mama akainuka, akaikaza leso kiunoni.

“Soma mbele kidogo, baba. Baada ya hapo alifumbua kinywa.”

Akashuka. Mzee alibaki na kofia mkononi. Lorraine, aliyekulia shule ya Jumapili, aliyakumbuka vizuri maneno ya Ayubu alipofumbua kinywa: aliilaani siku aliyozaliwa.