Elikana Ndizeye wa Mashua Isiyovutwa, 1968–2025

Wazee wetu mliotoka Mwamgongo, shikamooni. Viongozi wa dini, majirani wa Gungu, mafundi na wenye maboti wa Kibirizi na Ujiji, poleni sana na asanteni kwa kufika. Familia ilikaa ikakubaliana kwamba historia ya ndugu yetu isomwe yote, pamoja na ile siku ya tarehe 11 Machi, kwa sababu huko mwaloni, maboti yanakoegesha, inasimuliwa vibaya, na anayechafuliwa ni mjane wake, Winfrida, aliyekaa hapa mbele yetu.

Marehemu Elikana Adolf Ndizeye alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 kijijini Mwamgongo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Adolf Ndizeye na Mama Yunisi, ambao wote wametangulia, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha mwaka 1984 akapelekwa Ujiji kujifunza useremala wa maboti, kazi aliyoifanya Kibirizi kwa uaminifu mkubwa, ingawa kwa kuchelewa, maana hakuna mteja hapa aliyewahi kupata boti yake siku aliyoahidiwa.

Tarehe 21 Oktoba 1995 alifunga ndoa hapa Gungu na Winfrida, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, Agnesi aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye leo ni muuguzi Kasulu, na Feliksi aliyezaliwa mwaka 2000. Waliishi chumba cha kupanga, na mama mwenye nyumba wao alikuwa na desturi ya kukagua ndoo zao za maji na kugonga mlango kila wakianza kula, hivyo Elikana akaanza kujijengea mashua ya tanga, yenye kitanda, jiko na meza ya cherehani, na watoto walipokwenda shule za bweni, mwaka 2011, yeye na mkewe wakahamia majini, mashua wakaiita Mama Mwenye Nyumba, wakisema huyu angalau hagongi mlango.

Walizunguka upande wetu wote wa ziwa, kutoka Kagunga hadi visiwa vya Kipili, kila walipotia nanga yeye akiziba maboti yanayovuja na mkewe akishona sare za shule, jioni wakila samaki wa migebuka kwa mawese, wakipendana na kugombana kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ndani ya mashua mtu akinuna hana pa kwenda. Mdogo wa marehemu, huyu anayewasomea, alipanda nao mara moja tu, kwa majigambo ya mtu aliyeendesha malori hadi Lubumbashi na Ndola, akatapika kutoka Ujiji hadi Kalya, na kaka yake hakuacha kumtania kwa hilo mbele ya wageni wa kila aina, wakiwemo wakwe.

Elikana hakutaka injini, wala hakukubali kuvutwa. Maboti ya injini yalipowakuta wamesimama bila upepo yalipunguza mwendo, manahodha wakapaza sauti, "Mama Agnesi, tuwavute?" naye Winfrida alisimama akapunga kitenge chake cha njano juu ya kichwa, akajibu, "Kavuteni wakwe zenu!" wakacheka, wakapunga, wakaenda zao. Mchezo huo ulizoeleka mwaka hadi mwaka, hata maboti yakaacha kupunguza mwendo, yakiona tu kitenge cha njano yanapunga na kupita.

Ndugu yetu alikuwa na ngiri tangu mwaka 2019. Agnesi alimwambia, "Baba, ni operesheni ndogo, unalazwa kidogo unarudi kwenye mashua yako," akajibu kwamba atakwenda upepo ukiisha, na upepo ulipoisha akasema anangoja uanze. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, wakirudi kutoka Kipili, mbali na nchi kavu, mbele ya mdomo wa Mto Malagarasi, upepo ulikufa na ngiri ikajisokota, akaanza kutapika na kujikunja, simu haikupata mtandao, Winfrida akapiga makasia hadi viganja vikachubuka, na mashua ile nzito haikusogea kitu. Boti ya kwanza ilipotokea alisimama akapunga kitenge kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele, injini ikameza sauti yake, abiria wakacheka, wakapunga, wakapita. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ya nahodha Hamdani, rafiki yao wa miaka yote, ambaye aliinua kofia na kuwaambia abiria wake, "Mwoneni shemeji yangu, leo kachachamaa kweli kweli!" Elikana, amelala sakafuni, aliuliza, "Wamesimama?" na Winfrida akamdanganya kwamba wanageuza.

Alasiri, Hamdani akirudi kutoka Sigunga, aliikuta mashua pale pale, ila kitenge hakipungwi, kwa maana mikono ya Winfrida ilikuwa haiinuki tena, na hilo ndilo lililomfanya akate kona, kwamba safari hii hakuna aliyempungia. Aliifunga kamba akaivuta hadi Ujiji, na marehemu aliposikia kamba imekaza alisema, "Haya, mmenivuta," na hakusema tena. Madaktari walimpasua jioni ile, wakakuta utumbo umeshaoza, akafariki alfajiri ya Jumatano tarehe 12 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Basi wanaosema mwaloni kwamba Winfrida aliyafukuza maboti kwa kiburi, wasikie hapa mbele ya jeneza: alikuwa anawaita. Hamdani mwenyewe alikuja kwa familia akataka isomwe hivyo, na jina lake litajwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Gungu walioleta kuni, maji na bega la kulilia, mafundi wenzake wa Kibirizi waliolichonga jeneza hili, na manahodha wote, wakiwemo waliopunga mkono siku ile, ambao wamekuja na hawajakaa mbali. Tunapokwenda kaburini, kamba ya kwanza ya kushushia jeneza atashika Hamdani. Jana alikataa, akasema hastahili, na Winfrida akamjibu mbele yetu sote, "Shika wewe, shemeji. Mimi mikono bado haiinuki."

Ndugu yetu Elikana, lala kwa amani.