Yule wa Sauti Nzito

Ndani ya treni, kinyozi alikuwa akibishana kuhusu bendi moja ya zamani na muuguzi aliyekutana naye humo humo, na mzee wa kiti cha nyuma ametega sikio.

"Dada, niondolee disko lako! Zile nyimbo zao za mwanzo, gitaa moja na yule wa sauti nzito, ndizo zilikuwa muziki."

"Zinaleta usingizi. Disko ndilo lililowatoa."

"Liliwatoa akili! Yule bwana wa sauti nzito kavaa suruali ya kumetameta, kazi yake kupiga makofi. Nasikia keshafariki."

"Masikini. Mungu amlaze pema."

Mzee, ambaye suruali ile aliichagua mwenyewe, alishikwa na haya mpaka masikio yakamchoma. Treni ikasimama. Kinyozi akageuka, akingoja naye aitikie.

"Amina," akasema mzee, kwa sauti nyembamba kadiri alivyoweza.