Burulcha Asanalieva na Dirisha la Dawa za Unafuu

Ifikapo tarehe 30 Mei, Bi. Burulcha Asanalieva atakuwa ametimiza miaka thelathini na saba katika duka la dawa la hospitali yetu ya Ak-Kapka, na jioni hiyohiyo atastaafu. Alikuja mwaka 1988 akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, ametoka chuoni na sanduku moja la nguo. Wakubwa walimwambia atakaa miaka miwili. Akaolewa hapa, akazaa watatu hapa, akawazika wakwe zake hapa. Sisi tuliomkuta kazini tunamwita eje, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Walio wageni hawajui ile miaka ya tisini, rafu zilipokuwa tupu. Majira ya baridi ya 1994 alipanda lori la makaa hadi mji mkuu, Bishkek, akarudi na chupa za insulini amezifunga kifuani chini ya koti zisije zikaganda njiani. Wagonjwa wanne waliishi kwa chupa zile hadi theluji ilipoyeyuka. Mmoja wao yu hai mpaka leo, na kila mwaka humletea kondoo.

Serikali ilipoanzisha mpango wa dawa za unafuu, yeye ndiye aliyekabidhiwa dirisha lake. Utaratibu ni rahisi: mgonjwa aliyesajiliwa kwa daktari wa familia analeta cheti, serikali inalipa sehemu kubwa ya bei, yeye anamalizia kidogo. Kwa magonjwa machache, kifafa kikiwemo, anachomalizia mgonjwa hakifiki hata bei ya mkate. Wazee hawakuamini. Mzee Jumaaly, mfugaji wa yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, alikuja na jibini ya rushwa, akijua kwamba bila hiyo hakuna punguzo la kweli duniani. Bi. Burulcha akamrudishia. Kesho yake mzee akaja na jibini kubwa zaidi.

Kioo cha dirisha lile kilikuwa kinene, tundu lake dogo, na nusu ya wateja masikio yao yalikuwa yamechoka. Kwa hiyo Bi. Burulcha alipaza sauti. Alisoma cheti, akaita jina, akaita na ugonjwa, ili mtu asichukue dawa ya mwenzake. Tulitania kwamba yaki kule juu malishoni wanajua nani ana pumu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya wowote. Mkaguzi alikuja mara mbili akaandika kwamba huduma ni bora.

Ndipo ikafika ile Jumanne ya Oktoba 2009.

Asubuhi wodini aliletwa msichana wa miaka kumi na mitano, Begayim, ameungua mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi vidoleni. Alikuwa peke yake nyumbani, kifafa kikamwangusha juu ya jiko la chuma, na hakuwepo mtu wa kumwondoa. Bi. Burulcha aliitwa apeleke dawa ya kuungua, nami nikamfuata nimebeba bandeji. Mama wa msichana, Anarkan, alikuwa amesimama ukutani, kilemba kimemlegea.

Bi. Burulcha alimuuliza binti anatumia dawa gani ya kifafa. Mama akaitaja. Walikuwa wakiinunua mjini Naryn kwa bei kamili, wakiuza sufu na kondoo. Pesa ikipungua anampa nusu kidonge. Wiki ile hakuwa amempa hata hiyo nusu.

Nilimwona Bi. Burulcha akiweka trei chini.

“Dawa hiyo iko dirishani kwangu,” alisema. “Serikali inalipia karibu yote. Miaka yote hii, kwa nini hamkuja?”

“Tulikuja, eje,” Anarkan akajibu. “Mwaka juzi, wakati wa kukata sufu. Mbele yetu kulikuwa na kijana. Ukakisoma cheti chake, ukaita, ‘Kifafa, nani wa kifafa?’ Watu wote wakageuka. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Mimi nikakunja cheti chetu, nikakitia ndani ya mkono wa gauni, nikamtoa binti yangu nje. Nani angemposa baada ya hapo?”

Aliyasema bila hasira, kama mtu aliyeulizwa njia naye anaelekeza. Akaongeza kwa upole, “Una sauti nzuri, eje. Hata ng'ambo ya barabara tuliisikia.”

Nimefanya kazi na Bi. Burulcha miaka ishirini na sita, nimemwona kwenye misiba na matetemeko. Sijapata kumwona vile. Uso ulimpauka. Alimaliza kumfunga yule msichana bandeji, kisha akarudi dukani akakaa juu ya maboksi ya dripu, koti limefungwa vifungo vyote, akitazama sakafu. Nilidhani mtu amefariki. Foleni ilisubiri nusu saa. Mimi nami nilikuwa nimeganda, kwa sababu nilikuwa nikijaribu kukumbuka ni mara ngapi nilimsikia akiita hivyo, nikashindwa kuhesabu.

Kesho yake alihudumia watu kwa kunong'ona. Wazee walilalamika kwamba hawasikii, naye akatoka nje ya kaunta akawasemea sikioni mmoja mmoja. Mchana alikwenda kwa meneja wa wakati ule kuomba kile chumba cha stoo kiwekwe viti viwili na mlango, mgonjwa apokelewe akiwa peke yake. Meneja alikataa. Alisema dirisha ni dirisha, na kanuni za mpango hazisemi chochote kuhusu chumba.

“Wala hazisemi nipige kelele,” Bi. Burulcha akamwambia, “na nimepiga miaka saba. Ulikuwa unanisikia.”

Jumamosi yake Bi. Burulcha aliondoa maboksi mwenyewe. Jumatatu mlango ulikuwa umetiwa bawaba, na meneja akapita kama hajauona.

Halafu alipanda gari la hospitali pamoja na daktari wa familia, wakaenda kwa Anarkan. Aliipeleka dawa ya Begayim mkononi na kuomba radhi mbele ya baba wa binti. Alinisimulia kwamba Anarkan alimkaribisha chai ya maziwa na maandazi ya moto, akapokea dawa, na kuhusu radhi hakusema neno. Alirudi tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Mara ya nne Anarkan alimtaka amtafutie jirani yake pia nafasi kwenye daftari la daktari, akamnong'oneza jina.

Kabla ya mwezi ule wa Oktoba, wagonjwa wa kifafa waliochukua dawa kwetu walikuwa wanne. Kufikia majira ya machipuko, watu kumi na tisa walikuwa wamekaa kwenye kiti kile nyuma ya mlango. Kumi na tisa, katika mji ambao tunajuana hadi majina ya mbwa. Mwalimu wa hesabu alikuwemo. Bibi harusi wa juzi alikuwemo.

Na siku moja ya Februari, nikiwa nimebeba katoni kupita mlangoni, nilimwona dada yangu Saltanat amekaa pale na cheti mapajani. Dada yangu wa tumbo moja, tunaishi mtaa mmoja. Kila mwezi alikuwa akienda Naryn, nami nilidhani anakwenda kuuza mazulia.

“Wewe ndiye niliyekuwa nakukimbia,” aliniambia. “Unafanya kazi hapa.”

Ameniruhusu kuyaandika haya na jina lake. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja bila kuanguka. Begayim ana miaka thelathini na mmoja, mkono wake wa kushoto haufungi ngumi vizuri, na ana karakana ya mazulia ya sufu yenye wanawake sita.

Eje, kwa niaba ya wote tuliopokea mshahara chini ya paa moja nawe, na kwa niaba yangu zaidi, tunakushukuru. Uende nyumbani na afya yako yote, ulale hadi jua lifike dirishani, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Kalipa Duishonova, duka la dawa