Bi Taratibu Amwachia Mwingine Breki ya Mlafi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuzuia mambo yasiende mbio, Bi Taratibu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Taarifa yake ya kustaafu ilichelewa kutufikia, na hakuna aliyeshangaa.

Idara yetu ina programu tuliyoibatiza Mlafi. Kazi yake ni kupita kwenye tovuti za watu na kubeba nakala za kurasa zao, ili anayetafuta jambo alipate. Akiachwa huru hunyonya intaneti ya jengo zima, na tovuti ndogo anayoitembelea huzidiwa ikaanguka. Bi Taratibu ndiye aliyemfunga breki: apige hodi, achukue ukurasa mmoja, apumzike, ndipo aombe mwingine. Sheria hiyo aliihamishia hadi kwenye birika la chai. Ukishamimina, sharti utulie kabla ya kugusa sukari. Wageni walidhani tunasali.

Mkurugenzi wetu hakuwa akiamini kwamba haraka haraka haina baraka. Bi Taratibu alipokwenda harusini kwa mpwa wake, mkurugenzi akaiondoa breki. Mlafi akavamia tovuti ya shule moja ya chekechea, akakuta kalenda yenye kitufe cha "mwezi ujao", akakibofya bila kuchoka mpaka mwaka elfu tisa. Shule ikatoweka mtandaoni siku ile ile ya kuandikisha watoto. Kwetu intaneti ikakwama, na kwa kuwa milango yetu hufunguka kwa intaneti, tukafungiwa ndani. Mkurugenzi alikuwa msalani.

Tulimpigia simu Bi Taratibu, akaja amevaa nguo zake za harusini, akapita dirishani. Kabla ya kuigusa kompyuta na kurudisha breki, alimpigia mwalimu mkuu wa shule ile kuomba radhi, neno moja moja bila haraka, huku mkurugenzi akigonga mlango wa choo. Tulicheka sana, ila wazazi wale walikuwa na haki ya kulia, na yeye peke yake ndiye aliyewakumbuka.

Kwa hiyo habari za kustaafu kwake zilitutia hofu ya kweli. Nani atamshika Mlafi? Mkurugenzi alimsihi abaki. Akakataa: amenunua pikipiki, na jirani zake wanasema haendeshi, anaruka. Ndipo mkurugenzi akaomba afundishwe kazi hiyo yeye mwenyewe. Juzi fundi mitambo alimwomba aongeze kasi kidogo tu, akajibiwa kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Asante, dada yetu. Mlafi amepata mlezi. Njia nyeupe, nenda kwa kasi uitakayo. Umetusubiri vya kutosha.