Mshale Aweka Brashi Chini: Miaka Thelathini na Mmoja ya Vibao na Migongo

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mchora vibao wa hospitali yetu atasuuza brashi zake kwa mara ya mwisho kwa tapentaini ya mwajiri. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Hati zake za ajira zina jina lake kamili, lakini ukiliita kwenye korido hata mwenyewe hageuki. Sisi tunamwita Mshale. Sababu ya jina inakuja, msiwe na haraka, haraka waachieni watu wa gari la wagonjwa.

Wenye jarida hili walitaka wasifu uandikwe na mtu wa utawala. Mstaafu akakataa, akasema watu wa utawala hawamjui yeye, wanalijua faili lake. Ndipo kazi ikamwangukia seremala, aliyegawana naye karakana moja, birika moja na mlango mmoja usiofunga vizuri kwa muda wote huo. Seremala aliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe alilifikia kwa kusukumwa. Kwa hiyo mkikuta koma imekaa upande, ichukulieni kama msumari uliopinda: mradi umeshika.

Kila mtu anamuuliza Mshale atafanya nini akistaafu. Anajibu kwamba anarudi kwao, milimani, kwenye kiwanja alichotengewa na kaka yake. Hapo watu husema hongera na kuendelea na chai. Swali linalomkereketa hawamuulizi: akifika huko, mkono wake utachora? Maana aliingia mji huu akiwa mchoraji wa namna moja, mji ukamgeuza wa namna nyingine, na hana hakika kama huyu wa pili ana kazi kule alikotoka yule wa kwanza.

Yule wa kwanza alichora kuta za maduka. Mlima, bonde, mto, mawingu matatu. Mawingu yalikuwa matatu siku zote. Mwenye duka akitaka la nne, watabishana mpaka rangi ikauke. Alichora akiwa ameupa mlima wenyewe mgongo, kwa sababu aliujua kama mtu anavyoijua sura ya mama yake. Hakuwahi kuinua macho kuangalia anachokichora. Hilo analisema mwenyewe, tena kwa aibu kidogo, kama mtu anayekiri kwamba alifunga ndoa bila kuuliza jina.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na minane, amemfuata mkewe, shemeji yetu, aliyekuwa amehamishiwa huku kufundisha. Wakapanga chumba ghorofa ya pili. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazamana na ukuta wa nyumba ya jirani, umbali wa kunyoosha mkono. Asubuhi ya kwanza akalifungua ili atazame mbali. Akakuta mbali hakuna. Akatundika turubai ukutani, akachora mlima wake. Shemeji anasema ulitoka kama gunia la mkaa. Akaufuta, akachora tena, likatoka gunia lile lile, safari hii limeshonwa mdomo. Baada ya hapo alikaa miezi minane hajashika brashi, isipokuwa siku aliyopaka mlango wa mwenye nyumba.

Ndipo hospitali ikamwajiri. Kazi ya kwanza ilikuwa vibao kumi na viwili vya kuelekeza wagonjwa. Mbao alizipiga randa seremala huyu anayeandika, na zilikuwa laini kama shavu la mtoto, lakini wasifu huu si wa seremala.

Sasa basi. Kule kwao watu hawasemi kulia wala kushoto. Wanasema juu na chini. Juu ni upande wa mlima, chini ni upande wa mto, hata kama mnazungumzia sahani mezani. Ukikaa mbele ya mtu anakuambia sogea juu kidogo, na unajua ni wapi. Mshale akaangalia kiwanja cha hospitali, akaona ardhi inapanda polepole kutoka getini kwenda kwenye chumba cha kufulia. Akaridhika. Akaandika kwa herufi nzuri ajabu: MAABARA JUU, na mshale mwekundu unaoelekea mbinguni.

Maabara yetu, kwa wasioijua, iko ghorofa ya chini kabisa, mwisho wa korido, hatua themanini kutoka mapokezi.

Ilipofika saa tano asubuhi maabara ilikuwa tupu na wahudumu wake wanapiga miayo. Matroni wa wakati ule, mama ambaye hata madaktari walifunga vifungo vya makoti walipomwona, akatoka kutafuta wagonjwa wake. Akawakuta juu ya paa, kwenye tenki la maji. Walikuwa kumi na tisa, kwenye foleni iliyonyooka, kila mmoja na kichupa chake mkononi, na waliochelewa wakiuliza nani wa mwisho. Fundi bomba aliyekuwa akirekebisha boya la tenki alikuwa ameshakabidhiwa vichupa vinne. Alikuwa amevipanga vizuri kivulini. Alipoulizwa kwa nini amevipokea, akasema walimsalimia kwa heshima, angewakataliaje?

Mchora vibao akaitwa. Mazungumzo yaliyofuata karakana yote inayajua kwa moyo.

"Baba, maabara iko wapi?"

"Juu, Matroni."

"Juu wapi?"

Akanyoosha kidole moja kwa moja, mwisho wa korido.

"Huko ni mbele!"

"Kwenu ni mbele, Matroni. Ardhi si inapanda?"

"Basi leo wagonjwa wangu wameipita ardhi," Matroni akasema. "Sikiliza, mwanangu. Mlima wako umeuacha kwenu. Hapa kuna mtu anaumwa na hajui pa kwenda. Huyo ndiye umfuate."

Akamfuata kweli, kwa sababu Matroni aliligeuza neno kuwa adhabu. Wiki nzima mgeni wetu alipewa daftari na kuamriwa atembee nyuma ya wagonjwa kuanzia getini, aandike wanaposimama, wanapogeuka, wanapouliza. Akagundua kwamba karibu wote husimama kwenye nguzo ya tatu. Akagundua kwamba mtu anayeumwa haangalii dari, anaangalia sakafu. Vibao vyote kumi na viwili vikashushwa mpaka usawa wa kifua, na michirizi ya rangi ikapakwa sakafuni, ule wa njano mpaka maabara, wa bluu mpaka dirisha la dawa. Aliyevishusha vibao, baada ya kuvipandisha wiki moja tu kabla, ni seremala. Matundu ya skrubu yapo mpaka leo kwa anayetaka ushahidi.

Tangu hapo akaitwa Mshale, na tangu hapo hakuna mgonjwa aliyepeleka kichupa kwenye tenki.

Lakini ile adhabu ilimtia jambo jingine. Ukitembea nyuma ya watu wiki nzima, unaona nini? Migongo. Kwao watu walikutana uso kwa uso, wakasalimiana mpaka habari za ng'ombe zikaisha. Huku mjini aliyemtangulia alimpa mgongo, na aliyemfuata, huenda naye aliuona wake. Mwanzoni jambo hilo lilimuumiza, alidhani wanamdharau. Kisha akaanza kuangalia. Alimwona mzee mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi mbele tu, nyuma limekunjamana. Akakisia kwamba aliyekuwa akimpigia pasi hayupo tena. Alimwona mama ambaye zipu ya gauni imeishia katikati, kwa sababu hakuna aliyekuwepo nyumbani wa kuipandisha. Alimwona kijana wa suti mpya, na karatasi ya dukani ingali inaning'inia kwenye ukosi.

Akaanza kuwachora, kwenye maboksi ya dripu yanayotupwa na watu wa famasia. Boksi likifumuliwa, upande wake ni sawa na sinia la chai, basi picha zake nazo zikawa za sinia. Rangi zikawa zile zinazobaki kwenye makopo ya korido: kijani cha wodini, maziwa, kijivu cha milango. Mtu aliyezoea kumaliza mlima mzima kabla ya chakula cha mchana sasa alichukua wiki mbili kwa bega moja. Seremala alipomcheka, alijibu kwamba mlima aliujua, hakuwa na haja ya kuuangalia. Watu hawa yeye hawajui, afanyeje? Ukitaka maoni ya seremala, hiyo ndiyo siku aliyoanza kuchora. Kabla ya hapo alikuwa anakumbuka tu.

Leo migongo yake arobaini na sita imetundikwa kwenye korido ya wodi ya wazazi, na akina baba wanaosubiri huko huitazama kuliko wanavyoitazama saa. Wafanyakazi wengi tumo. Tumekuwa tukibashiri nani ni nani wakati wa chai, na wapo wawili waliotambua kutoka pale kwamba wanahitaji mkanda. Mganga Mkuu wetu mpendwa, kwa miaka miwili, alisimama mbele ya picha ya kumi na moja akishangaa mtu yule anavyokaa vibaya, mpaka siku moja akaagiza atafutwe apelekwe kwenye mazoezi ya viungo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Daktari, tunachukua nafasi hii, kwa heshima zote, kukujulisha.

Turudi kwenye lile linalomkereketa. Mwaka jana alichukua likizo yake yote akaenda kwao kujaribu. Kaka yake alikuwa amejenga sebule mpya, akaacha ukuta mmoja mzima, futi kumi na tano kwa tisa, mweupe, kwa ajili yake. Akamwambia, "Mdogo wangu, tuwekee mlima wetu hapa, kama zamani." Kwa mara ya kwanza maishani Mshale akauwekea mlima kiti na kuketi akiuangalia. Aliuangalia wiki tatu. Likizo ilipokwisha alikuwa amechora kipande kimoja katikati ya ukuta, futi moja kwa moja na nusu: korongo dogo, vichaka viwili, mawe saba.

"Hii nini?" kaka yake akauliza.

"Mlima."

"Uko wapi?"

"Hiyo ndiyo sehemu niliyomaliza kuiangalia, kaka."

Kaka mtu akaangalia kipande, akaangalia ukuta mweupe uliokizunguka, akasema, "Mji umekupunguza."

Mshale alirudi na neno hilo kifuani, akakaa nalo mwezi mzima kabla ya kulitoa karakanani. Alikuwa ameshaanza kuulizia vyumba vya kupanga hapa hapa mjini. Shemeji, ambaye yeye alistaafu zamani na mizigo ameshafunga, alimwambia kwamba wanakwenda, na kama mlima umemshinda, mbuzi wapo, achore mbuzi. Utani ule haukumchekesha. Sisi ulituchekesha sana, na tunaomba radhi.

Wiki mbili zilizopita simu ililia karakanani. Alikuwa kaka yake, na kwa kuwa mzee yule huongea na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde, wote tulisikia. Kumbe jirani yao mmoja alikuwa amekaa mbele ya kile kipande kwa siku kadhaa, akidai jiwe la tatu limekaa sivyo. Wamebishana wee, mwisho wakafunga safari kwenda korongoni, wazee wanne na fimbo zao, kulikagua.

"Jiwe liko vile vile ulivyoliweka," kaka mtu akasema. "Nimepita pale miaka sitini na mitano, sijawahi kuliona."

Kisha akaongeza:

"Ule ukuta uliobaki sijaugusa. Usichelewe."

Mshale aliweka simu chini. Akarudi kwenye kibao alichokuwa akikimalizia, akaandika WODI YA WAZASI, kosa la kwanza la herufi tangu aajiriwe. Seremala alikiona, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumcheka. Kibao kimetundikwa hivyo hivyo. Kwa idhini ya Matroni wa sasa, kitabaki hivyo hivyo.

Hospitali inamshukuru kwa vibao zaidi ya mia sita, kwa michirizi iliyowafikisha watu walikotakiwa kufika wakiwa na hofu zao, na kwa kutuonyesha tulivyo kwa nyuma, mahali ambapo mtu hajioni. Tunamshukuru pia shemeji kwa kumleta, ingawa alimleta kwa sababu zake.

Sasa seremala amefanya hesabu, na hesabu za seremala hukosea inchi moja au mbili tu. Ukuta wa kaka mtu una vipande tisini vya kipimo kile. Kimoja tayari. Kazini kwetu hapa angeweza kuharakishwa, lakini kwao kuna salamu, kuna mbuzi, kuna wazee wanne wa kuhakiki kila jiwe. Kwa hiyo tuseme kipande kimoja kila miezi minne. Vipande themanini na tisa ni karibu miaka thelathini. Leo ana sitini. Basi Mshale, umri tunaokutakia ni tisini, wenye afya, macho makali na mkono usiotetemeka. Na kipande kimoja kikiharibika, ongeza miezi minne.